Jiwe la Msingi Chini ya Mkudampuli

Hotuba ya Mheshimiwa Kuruvilla Tharakan, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Maandalizi ya Kituo cha Kimataifa cha Kupima Dondoo za Mimea Tiba kwa Ajili ya Kupambana na Unene Uliopindukia, aliyoitoa katika kijiji cha Pulikkunnu, Kottayam, kusini mwa India, siku ya kuweka jiwe la msingi. Imenukuliwa na karani wa kamati, pamoja na yale yaliyosemwa na watu ambao hawakupangiwa kusema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli, ambaye katika kubana matumizi ni mimi pia. Baba Paroko, uliyetuombea dua na kutuazima viti vya kanisa. Bwana Meneja wa duka la kununulia mpira wa mashambani, uliyetuazima mizani ya kupimia watu. Waheshimiwa wajumbe mliofika, waheshimiwa wajumbe mliotuma udhuru, na waheshimiwa wajumbe ambao hata udhuru hamkutuma lakini nawajua kwa majina. Akina mama wa kukausha matunda ya kudampuli. Mabwana wa kilabu cha tembo, mlioahirisha shughuli yenu muhimu, ingawa nahisi wengine mmekuja nayo tumboni. Watoto wetu manesi mlioko Ireland, Kuwait na kwingineko, mnaotufuatilia kwa simu pale mtandao unaporuhusu. Bwana Kuttappan, fundi wa kukata miti, ambaye kwa wakati huu uko juu ya mti na hivyo unatutazama sote utosini. Mabibi na mabwana. Na yeyote niliyemruka, basi ajihesabu ametajwa na akae kwa utulivu.

(Makofi. Mheshimiwa anavishwa shali ya kwanza ya heshima.)

Ndugu wananchi wa Pulikkunnu, awali ya yote naomba radhi kwa kukosekana kwa turubai, jambo lililotokana na changamoto za kiutaratibu, yaani turubai limekwenda harusini, lakini kwa kuwa kamati yangu ni kamati inayoona mbali, tuliamua kimkakati kuja kusimama chini ya mkudampuli huu, ambao kama mnavyoona una majani mazito yasiyopitisha mvua isipokuwa hapa nilipo mimi, na ambao mara tu nitakapomaliza kuzungumza utakatwa, ili kupisha ujenzi wa Kituo.

(Makofi machache. Mama Aleyamma, mjane mwenye nyumba iliyo nyuma ya mti, amekaa juu ya mzizi na hapigi makofi.)

Nasikia minong'ono. Minong'ono hiyo naijua, na nimekuja na majibu yake. Ni kweli kwamba mti huu ulipandwa na Mama Aleyamma mwenyewe. Lakini ni kweli pia kwamba barabara ilipopanuliwa, ukajikuta uko upande wa serikali, na kitu kikishakuwa upande wa serikali, mama yangu, hakina tena mama. Kwa muktadha huo, na baada ya upembuzi yakinifu uliofanywa na mimi nikiwa kwenye gari, ilibainika kwamba hapa ndipo mahali pekee kijijini ambapo jiwe la msingi linaweza kuonekana na mtu anayepita akiwa ndani ya basi.

(Mama Aleyamma: Kuruvilla, matunda hayajaiva hata. Ungengoja basi nivune.)

Mama, ratiba ya maendeleo haifuati ratiba ya matunda. Tuendelee.

Ndugu wananchi, unene uliopindukia ni janga. Takwimu za kamati yangu, zilizokusanywa kwa njia shirikishi, yaani kwa kuangalia, zinaonyesha kwamba asilimia arobaini na tatu ya wanaume wazima wa kijiji hiki hawajaona vidole vyao vya miguu tangu walipooa, asilimia thelathini wanaviona wakiwa wamelala chali tu, na waliobaki hawakupatikana kwa sababu walikuwa wanakula. Kisukari kimepanda. Presha imepanda. Suruali za sare za shule zinashonwa kwa kitambaa cha suruali mbili. Sasa ninyi nataka mniambie, kiongozi gani mwenye moyo wa nyama angelala usingizi katika hali hiyo? Mimi sikulala. Nilisinzia tu mchana, baada ya chakula.

(Kicheko. Shali ya pili.)

Maono yalinijia uwanja wa ndege wa Dubai, nikitokea kwenye ziara ya mafunzo ambayo mafunzo yake bado yanachakatwa. Nimesimama dukani, natafuta chokoleti za wajukuu, nikaona kichupa cha vidonge, na juu ya kichupa pana picha ya tunda la manjano lenye mbavu kama boga dogo. Wameandika kwamba dondoo la tunda hilo linayeyusha mafuta mwilini. Bei yake, jamani, ungenunua mbuzi. Nikajiuliza kwa sauti, hata muuzaji akageuka, hivi hili si ndilo tunda ambalo Mama Aleyamma analipasua, anatoa mbegu, analikausha juu ya moshi wa jiko mpaka linakuwa jeusi kama soli ya kiatu, analipaka chumvi na mafuta ya nazi, na sisi tunalitupa kwenye chungu cha samaki bila hata kulisalimia? Kudampuli yetu! Dunia nzima inapungua kwa kudampuli yetu, na sisi tunaootesha mti wenyewe tunazidi kuvimba.

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Siku hiyohiyo niliunda kamati, nikaichagua kuwa ya kudumu, nikajiteua, na nikaagiza majaribio ya kisayansi yaanze mara moja.

Katika awamu ya kwanza, Bwana Thankachan, karani wa kamati yangu, ambaye pia anakaimu nafasi ya mtaalamu mwandamizi wa maabara, alichemsha kudampuli, akaichuja kwa kipande cha shuka yake ya zamani (karani anathibitisha kwamba ilifuliwa), akapata dondoo safi, jeusi, zito, na kila mwananchi aliyejitolea akapewa kijiko kimoja. Matokeo yalikuja haraka kuliko tulivyotarajia. Wa kwanza alitema ukutani, wa pili alimtemea wa kwanza, na wa tatu akaondoka na kijiko chetu mpaka leo.

(Mzee Pappachan, mstaafu wa posta: Ilikuwa kama kulamba betri ya gari, mheshimiwa.)

Nakushukuru, Mzee Pappachan. Maoni yako tuliyapokea siku ileile, na ukuta wa ofisi unayo mpaka sasa.

Sasa hapo, ndugu wananchi, ndipo uongozi unapopimwa. Mwingine angekata tamaa. Mimi nilikaa, nikafikiri, nikauliza swali ambalo hata hao wa vichupa vya Dubai hawajawahi kujiuliza. Tangu lini mtu wa Kottayam akala kudampuli bila samaki? Na tangu lini akala samaki wa kudampuli bila muhogo? Je, tunaweza kupima dawa kwa mtu mwenye hasira? Kwa hiyo, kwa kauli moja, kauli yangu, tukaamua kwamba kuanzia awamu ya pili dondoo litatolewa kwa wananchi likiwa ndani ya mchuzi wa nguru, katika chungu cha udongo, sambamba na muhogo wa kuchemsha, na kwamba maabara ihamie jikoni kwa Mama Aleyamma.

(Makofi mazito. Mtu anaomba awamu ya pili irudiwe.)

Mimi mwenyewe, bila kujali afya yangu, nilijiandikisha kuwa mtu wa kwanza wa kupimwa, na nikawa pia wa mwisho, maana ilikuwa lazima nibaki kuhakikisha chungu kimekwisha. Zipo siku nilirudi asubuhi kuupima mchuzi wa jana, ambao wataalamu wote mnaokaa hapa mnajua kwamba dondoo lake huwa limekolea zaidi.

(Mama Aleyamma: Na kichwa cha samaki ulikuwa unakichukua wewe kila siku.)

Kichwa cha samaki, mama, ni sampuli. Sampuli huchukuliwa na kiongozi wa utafiti. Huo ni utaratibu wa kimataifa.

Naomba sasa nizungumzie jambo zito, na Mzee Pappachan usijifiche nyuma ya mwamvuli. Kila utafiti unaojiheshimu huwa na makundi mawili. Kundi la kwanza linapewa dawa. Kundi la pili, linaloitwa kundi la ulinganisho, linapewa kitu kinachofanana na dawa lakini si dawa, ili tuone tofauti. Kundi la kwanza tukalipatia nguru wa kudampuli. Kundi la pili, chini ya uongozi wa Mzee Pappachan, tukalipatia nguru yuleyule, kutoka sokoni kulekule, ila amepikwa kwa ukwaju wa kawaida. Ni nini kilichotokea? Aseme mwenyewe.

(Mzee Pappachan: Nguru kwa ukwaju, mheshimiwa? Hivyo ndivyo wanavyopika huko kaskazini. Mimi binti yangu kaolewa huko, nikienda nasema nimefunga. Halafu unipe kitu hicho hapahapa, huku pua yangu inasikia chungu kingine kinachemka mita tatu kutoka nilipokaa? Nilisimama nikahama na sahani yangu. Sikuwashawishi wengine.)

Hakuwashawishi, walimfuata tu. Kundi zima la ulinganisho lilivuka chumba na kuketi kwenye kundi la dawa, wengine wakiwa tayari wamekula kwenye kundi la kwanza na sasa wanaanza upya. Nikawaeleza umuhimu wa sayansi, wakaniambia niwapitishie muhogo.

Lakini utafiti haukufa. Katika kundi la ulinganisho alibaki mtu mmoja mzalendo, Bwana Thankachan, ambaye kwa kuwa ni mwajiriwa wangu hakuwa na haki ya kuhama. Na hapa ndipo penye matokeo, karani andika vizuri. Baada ya miezi mitatu, watu wote tukapimwa kwenye mizani ya duka la mpira. Kundi la dawa lilikuwa limeongezeka uzito kwa asilimia kumi na moja. Mimi binafsi niliongezeka mpaka Bwana Meneja akaniomba kwa adabu nipande mguu mmoja mmoja. Aliyepungua ni Thankachan peke yake, kilo sita.

(Karani: Saba.)

Kilo saba, na nyingine ni za mawazo. Sasa wapo watu wenye fikra finyu watakaosema dawa imeshindwa. Nawaonea huruma. Dawa imethibitika kuwa ina nguvu za ajabu, ila nguvu hizo zinaelekea upande ambao hatukuutarajia, na kazi ya Kituo, kwa awamu zinazofuata, itakuwa ni kuzigeuza tu. Gari likienda kasi kinyumenyume, nani atasema halina injini?

(Makofi. Shali ya tatu. Mheshimiwa anatoka jasho.)

Ndiyo maana leo tuko hapa. Kituo hiki kitakuwa na ghorofa nne, na kila ghorofa itakuwa na choo. Kutakuwa na maabara yenye milango inayojifungua yenyewe mtu akikaribia, hata kama hana shida ya kuingia. Watakuja wanasayansi kutoka Ulaya, watavaa makoti meupe mpaka Jumapili, na watakaa kwa foleni kusubiri kuuliza mambo kwa akina mama wa hapa. Kutakuwa na panya weupe elfu moja, wanene, wenye afya, watakaolishwa na vijana wa kijiji hiki kwa ajira za kudumu zenye pensheni. Ajira za vijana, sio za panya, maana naona watu wameanza kucheka. Na watoto wetu walioko ng'ambo, wanaotetemeka kwenye baridi ya watu, watarudi wafanye kazi nyumbani.

Na kwa wale wanaouliza kama naweza, rekodi yangu inajieleza. Hakuna kiongozi katika ukanda huu mzima aliyeweka mawe ya msingi mengi kuliko mimi. Niliweka jiwe la daraja. Niliweka jiwe la uwanja wa mpira wa wavu. Niliweka jiwe la zahanati, hapahapa Pulikkunnu, jiwe la marumaru safi, jina langu likiwa na herufi za dhahabu.

(Mzee Pappachan: Na zahanati iko wapi, mheshimiwa?)

Swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

(Mama Aleyamma: Jiwe lake ninalo mimi. Lilikuwa limelala kwenye majani, nikalivuta nyumbani. Nafulia nguo. Ni zuri, halichani kitambaa. Jina lako limebaki nusu tu.)

Mmesikia wenyewe. Mradi unaotumiwa na mwananchi wa chini kabisa, kila siku, bila ubaguzi. Wangapi wanaweza kusema hivyo? Sasa naomba tuelekee kwenye kaulimbiu, halafu Kuttappan ashushe mti, halafu tuweke jiwe, tupige picha, tule.

(Mama Aleyamma anasimama: Kuruvilla, mwanangu, na mimi nataka kusema.)

Mama, ratiba haina nafasi ya hotuba ya pili.

(Wananchi: Mwache aseme. Mwache mama aseme.)

Haya, kwa ufupi, kwa niaba ya wadau.

(Mama Aleyamma: Sina maneno mengi. Mti huu nilipanda na marehemu Chandy mwaka tuliooana. Tulipanda mitano. Minne ikawa madume, haikuzaa kitu, tukaikata kuni. Huu tukaungoja miaka na miaka, majirani wanatucheka. Siku tulipoona tunda la kwanza, Chandy akaenda kununua nguru mzima, akasema leo napika mimi, akaunguza chungu. Tulikula hivyohivyo. Kwa mti huu nimemsomesha binti yangu Jincy unesi. Sasa yuko Ireland, na kila akija likizo sanduku lake linarudi limejaa kudampuli, linanuka moshi, watu wa forodha wanamsumbua, na hakubali kuacha hata kipande kimoja. Anasema akipika kule siku ya mvua, anakuwa kama yuko jikoni kwangu. Mwaka jana hakuja. Juzi kapiga simu, mama nakuja Agosti, niwekee. Nikaogopa hata kumwambia. Sasa nimwekee nini mimi? Jiwe?)

(Mvua inasikika kwenye majani. Mheshimiwa anafuta miwani kwa shali ya pili.)

Mama Aleyamma. Hoja yako imepokelewa. Kamati yangu haina ukatili, na katika bajeti tumetenga fidia ya miche mitatu bora kabisa ya kudampuli, utakayokabidhiwa leo hii mbele ya kamera.

(Mama Aleyamma: Nina miaka sabini na nne, Kuruvilla. Huo mche ukija kuzaa mimi nitakuwa wapi?)

Swali hilo lina upande wa kitaalamu na upande wa kidini, na wa kidini namwachia Baba Paroko.

Mama, usinitazame hivyo. Unajua mimi nimekula jikoni kwako tangu meno ya utoto hayajatoka yote. Naumia na mimi. Hata jana sikumaliza chakula, muulize Thankachan. Lakini mtu ukishakuwa mheshimiwa huwezi kusema mbele ya watu kwamba umetangaza jiwe, jiwe limechongwa, mpiga picha amefika kutoka mjini, halafu ukaahirisha kwa sababu ya mti mmoja. Watu watasema Kuruvilla ameshindwa na mti. Mkononi nina kaulimbiu, naomba mniitikie. Kudampuli!

(Wachache: Hoyee.)

Maendeleo!

(Wawili.)

Tumbo dogo!

(Hakuna anayeitikia.)

(Kuttappan, kutoka juu ya mti: Mheshimiwa, samahani. Kamba nimeshafunga. Nionyeshe tu jengo litaanzia upande gani, ili mti niangushe upande mwingine.)

Upande wowote, Kuttappan. Kamati haina upendeleo.

(Kuttappan: Hauwezi kuwa wowote. Huku kuna paa la mama, kule kuna nyaya za umeme. Nisomee ramani.)

Ramani itatolewa kwa wakati mwafaka.

(Kuttappan: Nani anayo? Ashike hapo chini, nitaiona. Macho yangu ni mazima.)

Kuttappan, swali lako ni zuri mno, kiasi kwamba linanileta moja kwa moja kwenye shukrani. Ndugu wananchi, kazi hii isingefika hapa bila watu. Namshukuru kwa dhati Mhandisi wa Wilaya, ambaye angetuchorea ramani nzuri sana kama tungemwomba. Naishukuru wizara husika, ambayo tangu mwanzo wa mradi huu haijawahi kutukatalia chochote, kwa kuwa hatujawahi kuiandikia. Nawashukuru wafadhili wetu wa Ulaya, ambao bado hawajijui kuwa ni wafadhili wetu. Namshukuru Daktari Bingwa, Mkurugenzi Mkuu wa Kituo, ambaye kiti chake ni hicho cha mbele chenye mto mwekundu, na mnakiona ni kitupu kwa sababu hajaajiriwa, na hajaajiriwa kwa sababu hatujamtafuta. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi aliyechonga jiwe, kwa sababu katika mradi huu wote yeye ndiye mtu aliyefanya kitu.

(Wananchi wanatazamana.)

(Kuttappan: Kwa hiyo jengo halipo.)

Kwa sasa.

(Kuttappan: Litakuwepo?)

Kuttappan, wewe umeniona nikiweka mawe tangu ulipokuwa unajifunza kupanda minazi. Umewahi kuitwa kukata tawi lililogusa paa la jengo langu?

(Kuttappan: Hapana, mheshimiwa. Basi huu mti naukata wa nini?)

Unapisha jiwe. Mpiga picha anasema likikaa peupe herufi zitang'aa.

(Kuttappan: Hilo jiwe ukubwa wake kiasi gani?)

Kama sinia ya wali.

(Kuttappan anaanza kufungua kamba.)

Kuttappan, sijatoa amri ya kufungua kamba.

(Kuttappan: Mheshimiwa, mimi nimekata miti kupisha nyumba, nimekata kupisha barabara, hata kupisha kaburi nimeshakata. Kupisha sinia sijawahi, na sianzi na mti wa mama huyu. Msogee hapo chini, nashuka.)

(Makofi marefu kuliko yote ya leo. Baba Paroko naye anapiga. Mama Aleyamma ameshika shina la mti kwa mikono miwili na analia waziwazi, wala hafuti machozi.)

Ndugu wananchi, makofi hayo nayapokea kwa unyenyekevu. Kama mlivyoona, uamuzi wa kuubakiza mti huu, ambao nimeufikia sasa hivi baada ya mashauriano ya kina na mtaalamu aliyeko eneo la tukio, unadhihirisha usikivu wa kamati yangu. Kwa mamlaka niliyojipa, natangaza kwamba kuanzia leo mti huu ndio Kituo. Shina ni jengo la utawala. Matawi ni maabara. Jiwe litawekwa hapa mzizini, lisimguse mtu.

(Mama Aleyamma: Liweke upande wa jiko, mwanangu, uso wake uangalie juu. Nitapasulia kudampuli.)

Litawekwa upande wa jiko.

(Mama Aleyamma: Na nakushukuru, Kuruvilla. Nakushukuru kwa moyo wangu wote kwa kutojenga. Zahanati niliitaka, Chandy alikuwa bado hai. Hiki sikukitaka. Wewe hukujenga vyote viwili, sawasawa, lakini leo nashukuru.)

(Mheshimiwa anavua shali zote tatu na kumpa karani azishike.)

Nimekusikia, mama. Hilo la zahanati nimelisikia, na sitasema litajibiwa kwa maandishi.

Basi, ndugu zangu, hotuba ilikuwa na kurasa nyingine nne zinazohusu panya, naziruka. Tuingie kwenye chakula. Harufu ya samaki naisikia tangu nilipokuwa kwenye takwimu, na ndiyo iliyonichanganya asilimia. Mama, mimi ombi langu ni lilelile la siku zote, uniwekee kichwa.

(Mama Aleyamma: Kichwa chako kipo. Ila leo nimepika kwa ukwaju.)

Ukwaju, mama?

(Mama Aleyamma: Ukwaju. Asubuhi nilijua mti unaanguka. Kudampuli iliyokuwa imebaki jikoni nimemfungia Jincy, nimeishona ndani ya kitambaa, na sifungui.)

(Mzee Pappachan ananyanyua mwamvuli wake na kuelekea barabarani. Karibu wananchi wote wanamfuata.)

Ndugu wananchi mliobaki, nawashukuru wote wawili. Nami natangaza rasmi, nikiwa na akili zangu timamu na njaa yangu kubwa, kwamba nimehamia kundi la ulinganisho. Thankachan, waambie watu wa duka la mpira mizani tunakaa nayo. Huenda sasa, kwa mara ya kwanza, utafiti huu ukapata matokeo.

(Karani anasogea kwenye benchi, kumpisha mheshimiwa akae.)